Eufrazia na Mwamba wa Kisima cha Madale

Eufrazia binti Leodegar alifika machimbo ya mawe ya Kunduchi mwaka mmoja baada ya uhuru. Alikuja na mumewe Albano kutoka Ndanda, na mzigo wao ulikuwa mkeka, sanduku la bati na chungu alichofinyanga mama yake. Albano alipata kazi ya kukata mawe. Hakuifanya miaka mingi. Kifua kilimbana, akakonda, na masika ya mwaka sitini na nne wakamzika. Juma lililofuata Eufrazia alichukua nyundo ya marehemu, akaenda kukaa kwenye rundo la mawe pamoja na wanawake waliokuwa wakiponda kokoto.

Kazi yenyewe haikuhitaji maelezo mengi. Unakaa chini, unalishika jiwe kwa kipande cha mpira wa gari kilichokunjwa kama kishikio cha sufuria ili usijigonge vidole, unapiga. Karai likijaa unamwaga, unaanza jingine. Jirani yake wa rundo alikuwa Mauwa, mwanamke wa Kilwa, mcheshi, aliyeweza kuponda huku akisimulia habari za watu kuanzia asubuhi hadi jua la utosi. Eufrazia alisikiliza kwa sikio moja. La pili lilikuwa kwenye mawe.

Maana mawe hayakuwa sawa. Yako yaliyolia kwa sauti kali, yakapasuka vipande vyenye ncha. Mengine yalitoa mlio mzito kama mtu anayegonga gunia, kisha yakamomonyoka unga mweupe. Siku moja lori lilimwaga karibu yao mzigo wa mawe ya reli yaliyotoka bara, ya kijivu yenye punje zinazometa. Hayo yalirudisha nyundo juu na kutoa cheche, na jioni ile wanawake walikwenda nyumbani mikono ikitetemeka. Lakini lililomsumbua Eufrazia zaidi ni jiwe la Kunduchi lenyewe. Ndani yake mlikuwa na makome. Alivunja jiwe la ukubwa wa kichwa, katikati akakuta kome kamili, lenye mistari yake, limebanwa kama njugu ndani ya kashata.

"Mauwa, kome limeingiaje humu?"

"Mie nitajuaje? Jiwe ni jiwe. Ponda, mwenzangu."

Akamwuliza msimamizi. Msimamizi alilitazama jiwe, akamtazama yeye, akamwambia karai lake bado halijajaa. Eufrazia hakuuliza tena pale machimboni, ila kome lile alilifunga kwenye ncha ya khanga.

Miaka ikapita. Baada ya Azimio la Arusha watu wengi wa Kunduchi walihimizwa kulima, na mwaka sitini na tisa Eufrazia alipata shamba Madale, kwenye vilima, mwendo wa saa mbili kwa mguu kutoka machimboni. Mauwa naye akapata la jirani. Binti pekee wa Eufrazia alikuwa ameolewa Temeke, kwa hiyo alijenga kibanda chake peke yake, akapanda mihogo na mbaazi, na siku nne kwa juma aliendelea kwenda kuponda mawe.

Mwaka sabini na moja kisomo cha watu wazima kikaingia Madale. Darasa lilikuwa saa tisa alasiri, kwenye shule ya udongo iliyojengwa na wanakijiji wenyewe. Mwalimu aliitwa Felicitas Kokuberwa, msichana wa miaka ishirini na sita kutoka Bukoba, mrefu, mwenye lafudhi ya Kihaya ambayo watoto waliiga akigeuka ubaoni. Asubuhi alifundisha watoto, alasiri akafundisha mama zao. Eufrazia alikuwa na miaka arobaini na kitu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekakamaa kwa nyundo hata kalamu ilimteleza, akawa anaishika kwa ngumi kama tindo la kupasulia mawe. Hakukosa siku hata moja.

Walipofika kwenye neno "jiwe", mwalimu aliwataka kila mmoja alete kitu ambacho anaweza kuandika jina lake. Eufrazia alileta kipande cha jiwe chenye kome ndani. Aliandika JIWE kwa herufi kubwa zilizopinda, kisha akanyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Hili kome liliingiaje humu? Nimeuliza miaka saba."

Mwalimu Kokuberwa alilichukua jiwe, akaligeuza. Yeye elimu ya miamba aliisoma kwa Kiingereza, na sasa alitakiwa kuifundisha kwa Kiswahili bila kitabu chochote cha Kiswahili mkononi. Alikuwa akijiandalia maneno yake kwenye daftari.

"Halikuingia, mama," alisema. "Lilikuwapo kwanza. Jiwe ndilo lililokuja baadaye."

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alichukua chupa, akatia mchanga, udongo na maji, akaitikisa mpaka ikawa tope tupu, akaiweka dirishani. Mchanga ulishuka upesi, ukatulia chini. Udongo mlaini ulichelewa, ukalala juu ya mchanga kama utando.

"Mnayajua mashapo ya kahawa," alisema. "Mto ukiingia baharini huacha mashapo vilevile. Tabaka juu ya tabaka, maelfu ya miaka. Tabaka la juu hukandamiza la chini, na chokaa iliyomo majini huzigundisha punje pamoja. Mwishowe linakuwa jiwe. Kome likifa na kuzama, linafunikwa humohumo. Na hili jiwe lenu la Kunduchi limejengwa na viumbe vya baharini vyenyewe, ni matumbawe na makome yaliyorundikana. Halafu bahari ikarudi nyuma, nchi ikainuka, jiwe likabaki nchi kavu. Hii ndiyo miamba ya mashapo."

"Kwa hiyo hapa palikuwa bahari," Eufrazia alisema taratibu.

"Palikuwa bahari."

Siku ile somo la kuandika halikuendelea. Mwalimu aliwaeleza kwamba chini sana ardhini kuna joto la kuyeyusha jiwe likawa kama uji mzito. Uji huo ukipoa polepole hukohuko chini, unaota punje kubwa zinazometa, ndiyo itale, kama yale mawe ya reli. Ukitoka nje kwenye mlima wa volkano hupoa upesi, ukawa jiwe jeusi la punje ndogo zisizoonekana, mara nyingine lenye matundu. Hiyo ni miamba ya moto. Halafu akasema iko aina ya tatu, jiwe ambalo zamani lilikuwa jingine, likazikwa chini, likabanwa na kupata joto mpaka likabadilika, ila bila kuyeyuka. Hapo akakwama. Alitafuta mfano, hakuupata.

"Kama chungu," Eufrazia alisema.

"Kama chungu kivipi, mama?"

"Mama yangu alikuwa mfinyanzi. Udongo ukiukausha juani tu, ukautia maji, unarudi tope. Ukiuchoma, hauyeyuki, lakini si udongo tena. Hata ukiulaza majini mwaka mzima haurudi tope. Ni ule ule, na si ule."

Mwalimu Kokuberwa alifungua daftari lake akaandika. "Nitawafundisha watoto hivyo hivyo kesho," alisema. "Miamba iliyogeuka. Jiwe la chokaa likigeuka, linakuwa marumaru. Udongo wa mfinyanzi ukigeuka, unakuwa jiwe la mabamba, lile la vibao vya kuandikia. Na mama, yote matatu mvua na jua vinayala, yanarudi kuwa mchanga, mto unauchukua, tunaanza upya."

Tangu siku hiyo Eufrazia aliponda kokoto kwa namna nyingine. Kabla ya kupiga alitazama. Mwalimu alikuwa amemwonyesha kwamba jiwe lenye chokaa likidondoshewa ndimu hutoa povu, hasa ukilisaga kwanza, na itale haitoi. Akawa na ndimu mfukoni kila siku. Mauwa alisema mwenzake sasa anayala mawe kwa kiungo.

Mwaka sabini na tatu kijiji kikaamua kuchimba kisima cha shule. Kiangazi cha Madale kilikuwa kikali. Wanawake walishuka bondeni kufuata kijito, mwezi wa tisa kijito kikabaki madimbwi, na kila mtoto alikwenda shule na chupa ya maji kwa ajili ya kumwagia mboga za bustani na kupikia uji. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Polikarpo, aliwagawa watu kwa zamu. Fundi alikuwa Kasimiri, mtu wa makamo aliyechimba visima vingi Kinondoni na Kibamba, mwenye heshima ya kazi yake na asiyependa kusimamiwa.

Walichimba karibu na shule. Ulitoka udongo mwekundu, ukafuata mchanga, kisha udongo mzito wa kijivu uliong'ang'ania koleo. Walipofika futi thelathini na nane, sululu ya Kasimiri ilidunda. Alijaribu pembeni, ikadunda. Alipanda juu, akaketi ukingoni, akajifuta uso.

"Ni mwamba," alisema. "Mwamba wenyewe. Chini ya huu hakuna kitu, ni jiwe mpaka mwisho wa dunia. Nimekwisha kukutana nao."

Alikuwa amebandua kibanzi cha ukubwa wa kidole gumba, cha kijivu, kigumu. Mzee Polikarpo alimpelekea mwalimu, maana ndiye msomi wa kijiji. Mwalimu Kokuberwa alikikagua. Alijua kutoka vitabuni kwamba chini ya mashapo yote upo mwamba wa msingi, wa itale na jamii yake.

"Nadhani fundi anasema kweli," alijibu.

Mkutano wa kufunga shimo ukapangwa Jumapili. Siku ile ya kibanzi Eufrazia alikuwa zamu ya kamba. Kibanzi kiliporudi kwa Kasimiri alimwomba, naye akampa bila kumtazama.

Nyumbani alikiweka juu ya jiwe la kusagia, akakigonga kidogo. Hakikutoa cheche. Hakikulia mlio wa mawe ya reli, ambao mikono yake ilikuwa bado inaukumbuka. Mlio ulikuwa mfupi, wa kuzimika. Akasaga nusu yake, akaweka unga kwenye kisahani, akakamua ndimu. Povu likatoka, dogo, la kuvizia, lakini likatoka. Akamimina ndimu nyingine mpaka povu likakoma, akausuuza unga uliobaki, akausugua kati ya vidole. Ulikuwa mchanga. Mchanga wa kawaida kabisa, kama wa ufukweni.

Asubuhi alikwenda na kisahani chake, akamkuta mwalimu kabla ya kengele.

"Shikamoo mama," mwalimu alimsalimu.

"Marahaba. Mwalimu, lile jiwe si la moto. Limetoa povu kwa ndimu, na kilichobaki ni mchanga. Ni mchanga ulioshikwa na chokaa. Wewe mwenyewe ulitufundisha: mashapo hulala tabaka kwa tabaka. Kama hili ni tabaka, basi chini yake kuna tabaka lingine."

Mwalimu alikitazama kisahani. Uso wake ulibadilika kidogo, kama mtu aliyesahihishwa mbele ya watu, ingawa walikuwa wawili tu.

"Povu la ndimu peke yake halitoshi, mama. Kibanzi chenyewe ni kidogo. Labda kilichanganyika na uchafu wa juu. Nikiwaambia watu wachimbe na wasipate kitu, watakuwa wamepoteza nguvu zao na msimu wa kupanda."

"Ni kweli. Basi nishuke nikatazame mwenyewe."

"Hakuna mwanamke aliyewahi kushuka kisimani hapa."

"Nitashuka hivyo hivyo."

Kasimiri alikataa. Mzee Polikarpo aliuma midomo. Mwishowe alisema kwamba kutazama si kuchimba, na kama mama mwenyewe ameridhia, na ashuke Ijumaa mchana mbele ya watu. Walitangulia kushusha mshumaa uliowashwa kupima hewa. Mshumaa ulifika chini ukiwaka. Eufrazia alijifunga khanga mbili kiunoni, akavaa suruali ya marehemu mumewe ndani yake, akachomeka nyundo na tindo. Kamba ilishikwa na watu sita, na wa mbele alikuwa Mauwa.

Alipokuwa akishuka, mbingu ilizidi kuwa ndogo. Aliyafumba macho. Kisha akajiambia kwamba hakushuka ili afumbe macho, akayafumbua. Mbele ya pua yake ukuta wa shimo ulikuwa ukipita: udongo mwekundu, mchanga wa manjano, udongo wa kijivu wenye michirizi. Ilikuwa ile chupa ya mwalimu, imekuwa kubwa, na yeye yumo ndani yake.

Miguu ilipogusa mwamba alipiga magoti, akapangusa vumbi kwa kiganja. Kasimiri alikuwa ameupiga kutokea juu, kama mtu anayetoboa nazi. Eufrazia aliutafuta pembeni, pale sululu ilipobandua kibanzi, na hapo akauona mstari. Chini ya mstari ule kulikuwa na mwingine. Jiwe lilikuwa limelala kama chapati zilizopangwa. Akaingiza ncha ya tindo kwenye mstari, akagonga, akasogeza, akagonga tena. Bamba la upana wa sinia likainuka. Aligeuza upande wake wa chini kuelekea kwenye mwanga.

Palikuwa na alama za chaza, nne au tano, zimelala kifudifudi.

Alilifunga lile bamba kwa khanga moja. Kisha akaita wamvute.

Jumapili kijiji kizima kilikutana nje ya shule. Bamba liliwekwa mezani mbele ya mwenyekiti. Eufrazia hakuwa mzoefu wa kusema mkutanoni, na sauti yake ilianza chini.

"Itale ni jiwe lililotoka kwenye moto," alisema. "Chaza hakai motoni. Jiwe hili lilikuwa mchanga wa bahari. Limelala juu ya kitu, na kitu hicho nadhani ni mchanga mwingine ambao haujaganda. Mchanga unashika maji. Naomba tulitoboe."

"Unene wake je?" Kasimiri aliuliza. Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama fundi.

"Unene sijui."

Watu wakaguna. Mmoja alisema hawezi kuacha shamba kwa ajili ya "sijui" ya mtu. Hapo mwalimu Kokuberwa akasimama.

"Mwenyekiti, mie ndiye niliyekuambia huu ni mwamba wa msingi," alisema. "Nilikosea. Nilisema nilichosoma, na sikushuka kutazama. Mama Eufrazia ameshuka. Anayosema kuhusu aina ya jiwe hili ni sahihi, kila neno. Unene hata mie siujui. Lakini siwezi kukaa kimya mkalifukia shimo kwa ajili ya kosa langu."

Mzee Polikarpo alitazama mbingu, akahesabu siku za vuli. "Siku kumi," alisema. "Baada ya hapo kila mtu shambani kwake."

Kasimiri alisema hataki jina lake liingie kwenye jambo hilo, akachukua sululu yake akaenda zake. Kwa hiyo kazi ilibaki kwa waliojua mawe. Eufrazia alikwenda Kunduchi akarudi na wanawake wanne wa machimboni. Walishuka wawili wawili kwa zamu, mmoja akishika tindo, mwingine nyundo, wakifuata mistari ya jiwe na kupachika kabari za chuma. Hawakulipiga kwa hasira. Waliligawa. Mabamba yalipandishwa kwa karai, yakapangwa kando ya shule.

Siku ya tatu Kasimiri alipita njia. Alisimama mbali, kisha karibu, kisha akashindwa kuvumilia.

"Nani amefunga kamba namna hii? Mtaua mtu."

Aliifungua akaifunga upya. Halafu akakagua kuta za shimo, akaona udongo wa kijivu umeanza kutoa nyufa, akaenda kukata miti ya kuuzuilia. Hakusema kama amerudi kazini, ila kesho yake alikuwa wa kwanza kufika.

Futi moja. Futi mbili. Siku ya saba walikutana na tabaka gumu kuliko yote ya juu, na tindo likakatika ncha. Kibanzi kilimruka Eufrazia, kikampasua juu ya jicho. Walimvuta damu ikimtiririka hadi kidevuni. Mwalimu alimfunga kitambaa, akamsihi apumzike mpaka kidonda kifunge.

"Zimebaki siku tatu," Eufrazia alisema. "Kidonda kitafunga nikiwa kazini."

Kesho yake alishuka na kitambaa chake. Lakini watu wa kamba walikuwa wamepungua. Wengine waliona mawingu upande wa bahari wakaenda kupanda. Siku ya kumi ilipoisha, futi nne za jiwe zilikuwa zimetoka, na chini bado lilikuwa jiwe, kavu kama lilivyokuwa mwanzo. Mzee Polikarpo alikuja alasiri, akachungulia, akasema kwa upole kwamba muda umekwisha. Kamba ikakunjwa. Usiku ule Eufrazia alijiuliza kama amewadanganya watu. Alirudia hoja zake moja moja: povu, mchanga, mistari, chaza. Hakuona mahali zilipovunjika. Alichokosa ni unene tu, na unene hata mwanzo hakuusema.

Asubuhi ya siku ya kumi na moja alikwenda kisimani. Mauwa alikuwa ameshafika, amekaa juu ya rundo la mabamba.

"Nilijua utakuja," alisema. "Twende. Jiwe ni jiwe."

Kasimiri alikuja, na mwalimu akaja na walimu wenzake wawili kushika kamba kabla ya vipindi. Mwenyekiti aliwaona kutoka barabarani. Alisimama kidogo, kisha akashika njia ya shambani kwake.

Eufrazia alipiga kuanzia asubuhi mpaka kivuli cha shimo kikahama. Kabla ya adhuhuri akasikia mlio umebadilika. Nyundo ilikuwa inaongea na kitu tofauti kule chini, kitu kilichomeza sauti. Aliomba mtaimbo. Alipiga mara tatu mahali pamoja, na mara ya nne mtaimbo ukapita, ukazama mpaka viganja vyake vikagusa jiwe. Aliuchomoa. Ncha ilikuwa na mchanga, na mchanga ulikuwa umelowa.

Maji hayakuruka juu kama watu wanavyosimulia siku hizi. Yalikuja polepole, yakijaza kwanza lile tundu, yakatanda, yakamfikia kifundo. Jua lilipokuwa linashuka yalikuwa magotini. Siku nne za kwanza yalikuwa meupe kama maji ya mchele, baadaye yakawa safi. Hayakuwa na chumvi. Sabuni haikutoa povu vizuri, na wanawake walilalamika, mpaka Eufrazia akawaeleza kwamba maji yamepita kwenye chokaa na ndiyo tabia yake. Waliendelea kulalamika, na waliendelea kuteka.

Mwalimu Kokuberwa alitengeneza kasha la mawe la shule, akamtaka Eufrazia alisimamie. Kila muhula alikwenda darasa la sita kwa siku mbili. Hakuanza kwa majina. Aliwapa watoto nyundo, ndimu na jiwe, akawaambia watafute kwanza kama lina punje au halina, punje zake zinameta au ni mchanga, lina tabaka au halina, linachemka kwa ndimu au halichemki. Jina lilikuja mwisho. Mawe ya moto aliyapata kituo cha reli, marumaru akaomba kwa fundi wa makaburi. Mwaka sabini na tano alifaulu hatua ya nne ya kisomo, na vikaratasi vyote vya kasha lile viliandikwa kwa mkono wake.

Habari za kisima zilisafiri. Mwaka uliofuata watu wa kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Lugoba walimtuma mjumbe. Nao walikuwa wamechimba, nao wamekwama kwenye jiwe, na walikuwa wameambiwa yupo mama Madale anayetoboa miamba. Eufrazia alikwenda na Kasimiri kwa basi la asubuhi. Walimpokea kwa ngoma.

Alishuka shimoni. Jiwe la huko lilikuwa na mistari pia, myeusi na myeupe, na mtu asiyetazama vizuri angesema ni tabaka. Lakini mistari haikulala. Ilijikunja na kupinda kama nguo iliyokamuliwa, na ndani yake kulikuwa na magamba yanayometa. Alidondosha ndimu, hakikutokea kitu. Aligonga, nyundo ikarudi na cheche. Alipanda juu. Watu walikuwa wamemzunguka, wakisubiri.

"Hili siwezi kulitoboa," alisema. "Hili ni jiwe lililogeuka. Limebanwa na kuchomwa huko chini, na chini yake ni hilo hilo. Mkiendelea mtaumia bure."

Mwenyekiti wao alikunja uso. "Tumechimba miezi miwili, mama. Tumekuleta utusaidie, si utuambie tuache."

"Najua, mzee. Ningekuwa nataka kuwafurahisha ningesema pigeni."

Wakaanza kunung'unika. Kasimiri alimvuta kando, akamnong'oneza kwamba basi la kurudi linapita saa nane. Eufrazia alitazama bondeni, upande ambao majani yalikuwa bado mabichi, akauliza kama kuna mahali huko ambapo jiwe la namna hii limeoza, linavunjika kwa mkono. Mwanamke mmoja alisema lipo, nyuma ya mashamba ya mtama, wao hulichota kusiriba nyumba.

"Huko mvua imekwisha kulilainisha kabla yetu, na jiwe lililooza hushika maji," Eufrazia alisema. "Nionyesheni."

Mwenyekiti alisita. Mwanamke yule hakusubiri, akashika njia. Eufrazia akamfuata na nyundo yake, Kasimiri akasema basi na lipite, akachukua sululu na kwenda nyuma yao. Mmoja mmoja watu wengine wakaokota majembe. Kabla ya saa tisa walikuwa wameshapima duara la kisima kipya, na jembe la kwanza likaingia ardhini.